"Rangi ya nano" na bati lililopauka: kaboni inafanya nini hasa juu ya paa?

Ukitaka kujua hali ya bati lako la rangi, usilitazame ukiwa barabarani. Weka ngazi asubuhi kabla halijashika moto, lipanguse kwa kiganja, halafu tazama kiganja.

La kwangu, hapa Nkuhungu, Dodoma, lilikuwa damu ya mzee nilipoezeka miaka sita iliyopita. Mwezi Juni nilipanda kuzibua gata, nikateleza kidogo, nikalishika bati nisianguke. Kiganja kikarudi na unga wa waridi iliyofifia, kama mwalimu aliyetoka kufuta ubao. Fundi aliyekuwa ameshikilia ngazi akacheka. "Bosi, hilo limeshapauka. Safari hii piga rangi ya nano, hutaniita tena."

Nikaenda kuiulizia. Kopo lilikuwa na neno NANO kubwa kuliko jina la rangi yenyewe, na bei yake ilizidi mara mbili ya kopo lililokuwa pembeni. Katika dakika ishirini nilizosimama pale kaunta nikasikia mambo manne kutoka kwa watu wanne. Muuzaji: "Hii ina grafini, mzee wangu. Kile kinywe cha Mahenge unachokisikia kwenye taarifa ya habari, ndicho hiki." Mama aliyekuja kununua misumari: nano ni zile chipu za kwenye simu, hapa tunapigwa tu. Fundi mmoja aliyekuwa akisubiri chenji: hiyo haipauki maisha. Na kijana wa bodaboda, helmeti bado iko kichwani: hivyo vitu vinaleta kansa.

Kila mmoja alikuwa ameshika punje ya ukweli, na kila mmoja alikuwa ameikosea mahali. Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, kwa hiyo nilishindwa kulala na hilo. Tuanze na kopo lenyewe. Kaboni, ambayo ndiyo hicho kinywe na hiyo grafini, itafuata.

Kinachokufa ni gundi

Kopo lolote la rangi, la bei yoyote, lina vitu vitatu vikubwa. Kuna unga unaotoa rangi yenyewe. Kuna kimiminika, maji au tina, ambacho kazi yake ni kuisaidia brashi kisha kikaondoka zake hewani. Na kuna gundi, ile inayobaki, inayoushika unga na kuubandika ukutani au kwenye bati. Gundi hiyo ni polima.

Polima ni neno la kutisha kwa kitu tunachoshinda nacho kutwa. Ni molekuli ndefu iliyotungwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, kama shanga kwenye uzi. Ndoo ya plastiki ni polima, ndala ni polima, kiroba cha sembe ni polima. Tofauti ni shanga gani zimetungwa na uzi una urefu gani.

Kwenye bati la kiwandani gundi hiyo mara nyingi ni poliesta, iliyookwa juu ya chuma kabla bati halijakunjwa migongo. Unene wake unashangaza: kwa kawaida ni mikroni 20 hadi 25 kwa upande wa juu, yaani kama robo ya unene wa unywele. Robo hiyo ya unywele ndiyo tunayotaka isimame kati ya chuma na jua la Dodoma kwa miaka ishirini.

Na jua la Dodoma si la mchezo. Mji uko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Lile la Oktoba linatukuta kiangazi kikiwa ukingoni, mbingu tupu, mvua bado iko mbali. Halafu tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Dar es Salaam utatoka jasho zaidi, lakini paa la huku linachapwa zaidi. (Dar nako kuna chumvi ya bahari, ila ile ugomvi wake ni na chuma, hauhusiani sana na gundi.)

Urujuanimno ndiyo hiyo watu wanaiita UV: mwanga uliovuka rangi ya urujuani, ambao jicho haliuoni. Hapa ndipo penye kosa la kwanza la mtaani, kwamba "joto limekula rangi". Joto huharakisha mambo, sikatai, lakini mkosaji mkuu ni huu mwanga usioonekana. Mwanga huja kwa vifurushi. Kifurushi kimoja cha urujuanimno mkali unaofika ardhini, wa wimbi lenye urefu wa nanomita 300 (kipimo hiki nitakieleza mbele), kina nguvu ambayo wanakemia wakiipima kwa vipimo vyao wanapata kama 400. Kuukata muungano wa kaboni na kaboni, ule uzi wenyewe wa shanga, kunahitaji kama 350. Kifurushi cha mwanga mwekundu kina kama 170 tu. Na vifurushi havichangiani nguvu. Watoto mia moja ambao jiwe la kila mmoja linaishia katikati ya mbuyu hawataangusha ubuyu hata mmoja. Anatosha kijana mmoja ambaye jiwe lake linafika. Ndiyo maana asubuhi ya Julai, baridi imetukunja na jua linawaka, bati linaendelea kuumia vilevile.

Uzi ukikatika, ncha yake inabaki wazi, ina elektroni isiyo na mwenzake. Wanakemia huiita radikali huru. Usihangaike na jina, fikiria mlango wa msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Mtu anatoka, ndala zake hazipo. Ana haraka, anavaa za jirani. Jirani anatoka, hana za kuvaa, anachukua za mwingine. Mwizi wa kweli alikuwa mmoja, lakini vurugu imefika hadi safu ya mwisho. Ndani ya gundi ya rangi, ndala ni atomu ya hidrojeni, na mchochezi ni oksijeni ya hewani: inajibandika kwenye ile ncha iliyo wazi, na kwa pamoja wanaipora molekuli ya jirani hidrojeni yake. Kibaya zaidi, kitu kinachozaliwa katika uporaji huo nacho kikipigwa na jua hupasuka, kikatoa radikali mbili. Kesi moja imezaa kesi mbili mpya, na zote ziko mtaa uleule.

Gundi hukatikakatika hivyo, ikakakamaa, ikapasuka nyufa ambazo jicho halizioni, mwisho ikawa vipande vidogo kiasi kwamba mvua za Desemba zinaviosha. Unga wa rangi unabaki hauna wa kuushika. Huo ndio uliobaki kwenye kiganja changu.

Kama unabisha kwamba kilichokufa ni gundi, subiri mvua ya kwanza. Bati lililopauka likilowa hurudi damu ya mzee kabisa, majirani wakadhani umepiga rangi usiku. Likikauka, uzee unarudi. Unga ungekuwa umekufa, maji yasingeufufua. Kilichotokea ni kwamba uso umekuwa na mashimomashimo madogo yanayoutawanya mwanga kila upande, na jicho linasoma mtawanyiko huo kama weupe. Maji yanayajaza mashimo kwa nusu saa, basi. Sisemi unga haufi kamwe, kuna nyekundu za bei nafuu ambazo zinakufa kweli. Lakini paa nyingi ninazoziona kuanzia Nkuhungu hadi Nzuguni, ugonjwa wake ni wa gundi.

Masizi yalitangulia

Sasa acha paa, tazama simtanki iliyo juu ya mnara. Nyingi ni nyeusi, na wala si kwa sababu kiwanda kilikosa rangi nyingine. Ndoo nyekundu ukiisahau uani misimu miwili, siku utakayoiinua mpini unabaki mkononi. Simtanki nyeusi inakaa juani miaka nenda rudi. Ni plastiki za ukoo mmoja. Kinachozitofautisha kwa sehemu kubwa ni masizi.

Ndiyo, masizi. Kiwandani yanaitwa kaboni nyeusi, hutengenezwa kwa kuunguza mafuta kwenye hewa kidogo, na ni ndugu wa yale unayoyakwangua chini ya sufuria, ila haya yamepimwa. Bomba jeusi la maji lenye mstari wa bluu, lile linalolazwa kwenye mitaro mtaani, limechanganywa kaboni nyeusi kiasi cha asilimia 2 hadi 2.5. Tairi la bodaboda nalo ni jeusi kwa sababu ya kitu hichohicho.

Mmoja wa walioishughulikia kazi hii kwa kina ni Mmarekani mweusi, Walter Lincoln Hawkins, aliyeingia maabara za Bell, za kampuni ya simu, mwaka 1942. Nyaya za simu zamani zilivikwa risasi, ile metali nzito. Plastiki ilikuwa nafuu na nyepesi, lakini juani ilikuwa ikipasuka. Hawkins na wenzake wakatafuta mchanganyiko wa viongezi, kaboni ikiwemo, ambao uliifanya plastiki ya waya idumu miongo. Mwaka 1992 alipewa nishani ya taifa ya teknolojia, na mwaka huohuo akafariki.

Kinachonifurahisha katika habari hii ni kwamba chembe za kaboni nyeusi zina ukubwa wa makumi ya nanomita. Kwa maneno mengine, simtanki yako ilikuwa "ya nano" kabla hujajua neno hilo, na hakuna aliyekutoza mara mbili.

Nanomita ni nini basi? Ikate mita moja vipande bilioni moja, chukua kimoja. Unywele una unene wa kama nanomita 80,000. Nano si kitu, ni kipimo. Mtu akikuambia "nina debe", utamuuliza debe la nini: la mahindi, la mchanga, la pombe? Kopo lililoandikwa NANO na kuishia hapo limekuambia "debe". Yule mama wa misumari hakukosea kwamba sehemu za chipu ya simu hupimwa kwa nanomita. Alichokosea ni kudhani kipimo hicho kimesajiliwa kwa jina la simu.

Lakini udogo una faida yake ya kweli, na hesabu yake ni tamu. Chukua kipande cha kaboni chenye umbo la dadu la ludo, sentimita moja kila upande. Uso wake wote, pande sita, ni sentimita 6 za mraba. Kikatekate kiwe vidadu vya nanomita 10. Kaboni ni ileile, uzito uleule, lakini ukizijumlisha nyuso za vidadu vyote unapata mita 600 za mraba. Hicho ni kiwanja kizima, cha kujenga nyumba na kubaki na nafasi ya zabibu. Kwa kuwa kaboni hufanya kazi kwa uso wake, pale inapokutana na mwanga na gundi, kijiko kidogo kinaweza kufanya kazi ya ndoo. Na usisahau ile robo ya unywele: chembe kubwa kuliko unene wa rangi ingechomoza kama kokoto kwenye ugali.

Ukoo wa kaboni

Sasa kinywe. Kinywe ni madini ya kaboni iliyojipanga kwa tabaka, kama rimu ya karatasi. Ukitoa karatasi moja, moja kabisa, yenye unene wa atomu moja, hiyo ndiyo grafini. Kwenye milimita moja ya kinywe kuna karatasi hizo kama milioni tatu. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, huko Manchester, waliibandua grafini kwa kutumia selotepu, ile ya kufungia zawadi, wakapewa Nobeli mwaka 2010.

Ukiikunja karatasi hiyo iwe kama mrija wa soda, unapata mirija ya nano, ambayo Sumio Iijima wa Japani aliielezea kwa uwazi mwaka 1991. Ukiifanya mpira wa atomu 60, wenye mishono kama ya mpira wa miguu wa zamani, unapata fulerini, iliyogunduliwa mwaka 1985. Kuna na vitone vya kaboni, vidogo kuliko nanomita 10, ambavyo ukivimulika kwa urujuanimno hung'aa bluu. Wote hawa ni kaboni. Hata almasi ya Mwadui ni kaboni, ila hiyo hatutaipaka kwenye bati.

Ndani ya rangi ukoo huu hufanya kazi za aina tatu, na si kila mwanaukoo anaziweza zote.

Ya kwanza ni kivuli. Kaboni humeza urujuanimno kabla haujaifikia gundi, ikaugeuza kuwa joto dogo linalosambaa. Ni mbuyu katikati ya uwanda: jua halijapungua, lakini walio chini wamepona. Grafini na mirija hufanya hivi vizuri, na masizi ya kawaida pia.

Ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Rudi mlangoni msikitini. Sasa mweke pale mzee aliyekuja na gunia la ndala za ziada. Kila anayetoka na kukuta zake hazipo anapewa jozi, anakwenda zake, vurugu inakufia hapohapo. Fulerini ni mzee huyo. Mwaka 1991 wanakemia walionyesha kwamba mpira mmoja wa atomu 60 unaweza kuzipokea radikali nyingi, moja baada ya nyingine, wakaufananisha na sifongo. Mirija na grafini nazo hunasa radikali. Hapa kaboni haizuii jua, inazuia umbea wa jua usienee. Ndiyo maana kiasi kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 1 katika majaribio ya maabara, kinaweza kuonekana matokeo yake.

Ya tatu ni njia ya kupindapinda. Molekuli ya maji au ya oksijeni inayotaka kupenya rangi hadi kwenye chuma hupita moja kwa moja kama mtu anayekatiza uwanja mtupu. Zilaze humo karatasi za grafini, moja juu ya nyingine kama mikeka iliyopishana, na safari hiyo inakuwa ya kukatiza soko la Majengo Jumamosi: kushoto, kulia, rudi nyuma, zunguka meza ya nyanya. Atafika, lakini kwa kuchelewa. Hili linawezekana karatasi zikiwa zimelala. Zikisimama wima zimekuwa milango.

Mbona basi hatujamaliza tatizo?

Kwa sababu kaboni hizi zinapendana kuliko zinavyoipenda gundi. Uso mkubwa ule wa kiwanja kizima unataka kushikana na uso mwingine, na wa karibu kabisa ni wa mwenzake. Mimina unga wa grafini kwenye rangi, koroga kwa kijiti kama mafundi wanavyokoroga, na utapata kile anachokipata mtu anayemwaga unga wote mara moja kwenye maji yanayochemka: madonge. Donge la grafini si grafini tena, limerudi kuwa kinywe. Lina uso mdogo, halitoi kivuli cha maana, na pembeni yake maji hupata ufa wa kupita. Rangi yenye madonge inaweza kuchakaa mapema kuliko ile isiyo na kaboni kabisa. Viwanda hutumia mitambo ya kusaga, mawimbi ya sauti, na kemikali za kuzivisha chembe koti ili zikubali kukaa mbalimbali. Kazi yote iko hapo, na ndiyo isiyoandikwa kwenye kopo.

Tatizo la pili ni la macho tu. Kaboni ni nyeusi. Kiasi kidogo kinaigeuza krimu kuwa kijivu, na nyeupe kuwa rangi ya mawingu ya Februari. Kwa simtanki hakuna anayejali. Kwa ukuta wa nje wa sebule, mama mwenye nyumba anajali sana. Bati la kijivu-cheusi nalo linakunywa joto, na huku hatuna uhaba wa joto. Vile vitone vya kaboni vinatafutwa kwa sababu hiyo, vinameza urujuanimno na kuuachia mwanga mwingi unaoonekana upite, lakini kazi nyingi juu yake bado ziko maabara.

La tatu ni la umeme, na kila aliyekua na tochi ya betri kubwa analijua bila kujua kwamba analijua. Vunja betri ya zamani: katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni, nje kuna kikopo cha zinki. Kaboni, zinki na unyevunyevu ni betri, na betri ikizeeka ni zinki inayoliwa mpaka inavuja. Sasa bati lako lina zinki juu ya chuma. Ukipaka rangi yenye grafini nyingi iliyoungana na kuanza kupitisha umeme, halafu tawi likakwaruza hadi chini, mvua ikanyesha, umejijengea betri juu ya paa. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba karatasi tupu ya grafini juu ya shaba, kwa muda mrefu, iliongeza kutu badala ya kuizuia. Kwenye rangi iliyotengenezwa vizuri kila karatasi imezungukwa na gundi na haigusani na nyenzake, kwa hiyo hatari hupungua. Ikitengenezwa vibaya, haipungui.

Na wala usidhani kila kilicho nano ni rafiki wa gundi. Titani dioksidi, unga mweupe ulio karibu kwenye kila rangi nyeupe, humeza urujuanimno vizuri, lakini chembe zake zisipovishwa koti zinageuka kuwa mchochezi, zinaitafuna gundi iliyozishika. Viwanda makini huzivisha silika au alumina kwanza.

Turudi kaunta. Muuzaji alisema grafini ni kinywe cha Mahenge. Kinywe ni baba, grafini ni mtoto ambaye bado hajatolewa nyumbani. Kinywe cha Mahenge, au kile cha Ruangwa, kinatafutwa zaidi kwa ajili ya betri, na ukikisaga kwenye kinu ukakimwaga kwenye rangi umepata rangi ya kijivu yenye utelezi. Nasema hivi kwa sababu nimeshaulizwa swali hilo mara mbili na vijana wanaotaka kuanzisha biashara.

Fundi wa chenji alisema haipauki maisha. Hakuna gundi ya namna hiyo. Zipo zinazostahimili zaidi, na mara nyingi siri yake si kaboni bali shanga zenyewe. Gundi za ukoo wa florini, kwa mfano, zina muungano wa kaboni na florini wenye nguvu ya kama 485 kwa kile kipimo chetu, wakati kifurushi cha jua kina 400. Jiwe halifiki kwenye ubuyu. Bei yake nayo iko juu ya mbuyu.

Kijana wa bodaboda anastahili jibu la heshima, maana ndiye aliyeuliza la maana kuliko wote. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka aina moja ya mirija ya nano, ile minene na iliyonyooka kama sindano, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi wa wanyama. Aina nyingine za mirija hazikuweza kuwekwa kundi kwa ushahidi uliokuwepo. Kaboni nyeusi nayo iko kwenye kundi hilo la "huenda". Hatari inayozungumzwa ni ya kuvuta vumbi mapafuni. Rangi ikishakauka ukutani, chembe zimefungwa ndani ya gundi. Na jua likiila gundi? Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani iliipiga epoksi, gundi ya aina nyingine, yenye mirija kwa urujuanimno maabara, ikakuta mirija inabaki juu ya uso ikiwa imesokotana kama mkeka mchakavu, na mkeka huo wenyewe unakuwa kivuli kwa gundi iliyo chini. Wa kumhofia ni fundi anayepiga msasa mkavu bila barakoa, kitambaa kikiwa shingoni badala ya mdomoni. Na hilo ni kweli kwa rangi yoyote ya zamani, nano au si nano.

Wiki iliyofuata nilirudi dukani nikamuuliza muuzaji yule maswali matatu. Ni kaboni ya aina gani, na ni asilimia ngapi? Gundi yake ni ipi? Imejaribiwa saa ngapi chini ya taa za urujuanimno pamoja na maji, na ilipoteza mng'ao kiasi gani? Alifungua simu, akapiga kwa bosi wake, akaniletea karatasi moja ya kiwanda. Ilisema saa 1,000 za majaribio. Saa 1,000 ni siku 42 kasoro kidogo, chini ya taa, pasipo na upepo wa Septemba unaobeba mchanga kutoka kila kiwanja kilichofyekwa. Aina ya kaboni haikutajwa. Asilimia haikutajwa. "Lakini mzee wangu," akasema, "si unaona imeandikwa nano?"

Nikanunua kopo dogo kuliko yote, pamoja na kopo la rangi ya kawaida ya nje. Nikapaka vipande viwili vya bati vilivyobaki kwenye ujenzi, kila kimoja nikakifunika nusu kwa karatasi ya foili ili nipate cha kulinganisha. Viko juu ya banda la kuku tangu mwisho wa Juni, vimetazama kaskazini, bila kivuli. Kila tarehe mosi napanda na kitambaa cheusi, napangusa, natazama. Mpaka leo walioacha alama ni kuku.